Seva ya maabara ya mbali chuoni: anzia mezani, seva baadaye

Wakuu, kuna swali linanifuata tangu idara yetu ianze hii kitu ya wanafunzi kufanya majaribio kwa intaneti. Kila mtu anauliza tununue seva gani, RAM ngapi, tuweke klaudi (seva ya kukodi kwa intaneti) au tuweke hapahapa chuoni, na mimi huwa nawarudishia swali moja tu, jaribio lenu linakaa mezani dakika ngapi, yaani mwanafunzi mmoja anashika kifaa kwa mda gani? Hapo wengi wanakaa kimya. Ndo maana nimeona niandike hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye chumba kimoja, vifaa viwili vitatu, laini ya intaneti ya kawaida ya chuo na mhadhiri ambaye ameshatangaza kwamba kitu kinaanza muhula ujao (huyo mhadhiri yupo kila chuo).

Tuelewane kwanza. Siongelei simulesheni, zile za kuchora sakiti kwenye skrini na kompyuta inakuigizia jibu. Naongelea transista halisi, mota halisi, tangi la maji halisi limekaa chumbani limewashwa, na mwanafunzi yuko hosteli au yuko Tunduma nyumbani kwao anakiendesha kwa simu. Na wala sio kitu kipya. Mwaka 1998 pale MIT, Marekani, profesa Jesús del Alamo aliunganisha mashine ya kupimia transista na intaneti ili wanafunzi wake waipate usiku na mchana, ikakua ikawa mradi wa iLab, na miaka ya 2000 ukafika huku, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere, na Obafemi Awolowo kule Nigeria, wakatengeneza maabara zao kwa NI ELVIS, bodi za kufundishia elektroniki za kampuni ya National Instruments. Kwahiyo njia imeshapitiwa na watu, mashimo yake yanajulikana.

Hatua ya 1: shika saa, nenda kaipime meza

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo inarukwa kuliko zote. Chukua jaribio lenyewe, mkalishe mwanafunzi mmoja wa kawaida (usimkalishe yule kichwa wa darasa), washa saa uone anaishika meza kwa mda gani. Alafu jiulize, katika huo mda wote kifaa chenyewe kilikuwa kinafanya kazi kwa mda gani?

Mfano wangu mimi ni mchoro wa mkondo na volti wa daiodi. Mwanafunzi alikaa dakika 15. Ila mashine kupima kweli kweli ilikuwa kama sekunde 20, mda mwingine wote alikuwa anasoma karatasi, anajikuna, anafikiri aweke volti ngapi. Sasa piga hesabu kwa darasa la watu 120. Ukimpa kila mmoja meza kwa dakika 15 ni dakika 1,800, yaani masaa 30. Na kwakuwa wanafunzi wetu wote wanakumbuka kazi kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, hayo masaa 30 ni siku tano kamili za foleni bila mtu mmoja kuchelewa. Ila ukimwacha afikirie huko kwake, akishaamua anatuma namba zake, mashine inapima sekunde 20 inamrudishia jibu, darasa zima linaisha kwa dakika 40. Hata kila mtu akirudia mara tano ni masaa matatu na dakika 20. Meza ni ileile moja, na seva haijaongezwa hata RAM ya gigabaiti moja.

Kutokana na hapo unapata mitindo mitatu, na mpangilio wa seva yako utaamuliwa na upo kwenye mtindo gani.

Wa kwanza ni wa *tuma usubiri*. Mwanafunzi anajaza fomu, kazi inaingia foleni, jibu linarudi. Ile ya MIT ya mwanzo ilikuwa hivi. Unafaa kwa kitu chochote ambacho ukishakiset hakihitaji mkono wa mtu mpaka kiishe, daiodi, transista, mwitikio wa chujio la masafa, n.k. Ni rahisi kuliko yote na unavumilia intaneti mbovu, maana mtandao ukikatika katikati kazi inaendelea na jibu linakusubiri.

Wa pili ni wa *kushika usukani*. Mtu anaongoza mota au roboti akiiona kwa kamera, anabadilisha kitu anaona kimejibu. Hapa meza ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, huna namna, unahitaji zamu, vidio, na njia ya haraka ya amri.

Wa tatu ni ujanja wa Waswidi. Kule chuo cha Blekinge walitengeneza mfumo unaitwa VISIR, mwanafunzi anaunga waya kwenye ubao wa kwenye skrini kama vile anaunga kweli, akibonyeza kupima, kundi la rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) linaunga sakiti halisi, linapima kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, linaachia, linahamia kwa mwingine. Watu wengi wanatumia meza moja kwa wakati mmoja na kila mmoja anahisi yuko peke yake. Kama somo lako ni sakiti za umeme za mwaka wa kwanza, angalia huu kabla hujanunua meza ya pili.

Ushauri wangu: kila jaribio linaloweza kuwa la tuma usubiri, lifanye hivo, hata kama mhadhiri anataka vidio ionekane kwenye uzinduzi. Vidio mwekee, ila isiwe ndo roho ya mfumo.

Hatua ya 2: gawa kazi tatu, usizichanganye

Kosa la kwanza tulilofanya sisi lilikuwa kuweka kila kitu kwenye kompyuta moja ya kule maabara, tovuti, orodha ya wanafunzi, matokeo, na programu ya kuendesha kifaa. Siku programu ya kifaa ilipoganda, hata ukurasa wa kuwaambia watu samahani tumepata hitilafu ukawa haufunguki, simu zikaanza kuingia kwangu usiku.

Ule mradi wa iLab ulikuwa na wazo moja ambalo mpaka leo sijaona bora zaidi. Kuna upande wa mwanafunzi, kuna seva ya maabara inayokaa na kifaa, na katikati kuna dalali. Kabisa, kwa Kiingereza waliita jina lenye maana hiyohiyo ya dalali, na anafanya kazi kama dalali wa nyumba tu. Nyumba sio yake, ila anajua nani anatafuta, nani ana chumba, nani keshalipia zamu yake, anakupeleka mpaka mlangoni anapiga hodi. Ndani mtamalizana wenyewe.

Kwahiyo dalali anashika logini, zamu, foleni, kumbukumbu za nani kafanya nini na matokeo yaliyokwisha. Hajui volti wala ampia. Seva ya meza inajua volti na ampia na mipaka ya usalama, haijui Juma ni nani, inajua tu kwamba huyu kaja na tiketi ya dalali ina dakika 10, zikiisha inamtoa. Ukigawa hivo, kesho ukiongeza meza ya pili hugusi kitu kwa dalali zaidi ya kumwambia kuna chumba kingine.

Na tafadhali, mtu asije akakuuzia Kubernetes (mfumo wa kusimamia programu nyingi kwenye seva nyingi) na vijiprogramu 14 vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe. Una meza mbili tatu! Dalali ni programu moja, databesi moja ya PostgreSQL, Redis kwa ajili ya foleni, imeisha. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 inambeba bila kutoka jasho. Hata usiandike mwenyewe kama hulazimiki, WebLab-Deusto ya chuo cha Deusto kule Hispania imeandikwa kwa Python, msimbo wake ni wa wazi, na mambo ya foleni na logini tayari yamo.

Hatua ya 3: dalali akae wapi

Hapa ndo pana ubishi, sasa tuende taratibu.

Seva ya meza haina mjadala, inakaa chumba kimoja na kifaa, ikiwezekana waya wa USB au wa mtandao, usitumie waifai hapo. Mjadala ni wa dalali tu, awe chuoni, awe kwenye klaudi ya nje, au awe kwenye kituo cha data cha humuhumu nchini.

Watu wanapenda klaudi ya Ulaya kwasababu ni rahisi kufungua. Haya tuone, mwanafunzi yuko Mbagala, meza iko Mlimani, seva iko Frankfurt. Amri inatoka Mbagala inaenda Ujerumani, inarudi Mlimani, jibu linaenda tena Ujerumani ndo lirudi Mbagala. Dar mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000, mara nne ni 28,000, na mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo hapo milisekunde 140 zimeliwa na umbali peke yake, hujaweka rauta, hujaweka kwamba kebo haipiti mstari ulionyooka. Kwa tuma usubiri hii sio shida hata kidogo. Kwa kushika usukani mtu atakuambia roboti imelewa.

Shida ya pili wengi waliijua tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kuvuta kwa kamba. Mwenye seva Ulaya alikuwa na mwanafunzi na meza katika mji mmoja lakini hawaonani. Na yule aliyejisifu ameweka klaudi ya Cape Town ili iwe karibu, ya kwake ilipita hukohuko kwenye jeraha. Ila mitandao ya ndani inayokutana kwenye vituo vya kubadilishana kama TIX ya Dar au KIXP ya Nairobi, data zake hazina haja ya kuvuka bahari.

Kwahiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa chuo cha kawaida: dalali ndani ya nchi nje ya jengo lenu. Kama chuo chenu ni mwanachama wa mtandao wa vyuo, TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya, RENU kwa Uganda, anzeni kwa kuwauliza hao kabla hamjatoa kadi ya benki. Kwanini nje ya jengo? Kwasababu umeme wa jengo ukikatika, dalali bado anawajibu watu kwamba meza imelala, foleni yako ni namba 7 haijapotea. Kama wanafunzi wenu karibu wote wanakaa kampasi na mna chumba cha seva chenye jenereta, basi kaeni hukohuko kampasi, msitafute makuu. Klaudi ya nje iwe chaguo la mwisho, na iwe kwa majaribio ya tuma usubiri.

Hatua ya 4: meza ipige simu, isipigiwe

Ukienda kwa watu wa ICT wa chuo ukawaambia wakufungulie mlango kwenye firewali (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ili wanafunzi waingie kwenye kompyuta ya maabara, jiandae kwa barua tatu na miezi miwili. Na kama maabara inatumia rauta ya 4G ndo kabisa, hizo laini mara nyingi hazina anwani yake ya umma, ni kama simu inayoweza kupiga ila haipokei.

Suluhisho ni kugeuza. Seva ya meza yenyewe ndo inampigia dalali na kuacha laini wazi. Mimi natumia WireGuard, ni VPN, yaani njia ya siri kati ya kompyuta mbili kupitia intaneti, ni nyepesi, unaweka ile ya kutuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili rauta isifunge njia, na mtandao ukirudi baada ya kukatika inaunga yenyewe bila mtu kuamka. Mtu wa ICT hana cha kufungua na wewe huna cha kuomba, na usalama unaongezeka maana meza haionekani kabisa na watu wa nje.

Hatua ya 5: vidio, kumbuka bando

Hapa fanya hesabu kwa niaba ya mwanafunzi kwasababu ndo anayelipa. Ukitumia njia ya kizamani ya kutuma picha moja moja za JPEG, picha ya kilobaiti 30, mara 10 kwa sekunde, hiyo ni karibu gigabaiti 1 na kitu kwa saa. Bando la wiki limekufa kwa jaribio moja. Vidio iliyobanwa kwa H.264 ya kilobiti 500 kwa sekunde ni megabaiti 225 kwa saa. Na kama jaribio ni la taratibu, tuseme maji yanapanda kwenye tangi, picha moja kila sekunde 2 inatosha na ni megabaiti 54 tu kwa saa.

Kwa kushika usukani tumia WebRTC, njia ya kutuma vidio moja kwa moja kwenye kivinjari, inachelewa kidogo sana. HLS achana nayo hapo, inakata vidio vipande vipande ndo inatuma, unaweza ukaiona mota sekunde kadhaa baada ya kusimama. Vidio isipite kwa dalali kama kuna njia ya moja kwa moja, ila weka njia ya akiba kwa wale ambao mtandao wao unakataa.

Kitu kidogo ambacho kilinigharimu: Raspberry Pi 4 (kakompyuta kadogo ka bodi moja) ina kifaa ndani cha kubana H.264, Pi 5 hawakukiweka. Nikanunua mpya nikidhani nimepanda daraja, prosesa ikawa inahangaika na vidio huku inatakiwa iendeshe mota.

Hatua ya 6: kifaa kijilinde chenyewe

Usiku mmoja mwanafunzi aliwasha mota, bando likaisha, akalala. Programu yangu ilikuwa inasubiri amri ya kuzima. Asubuhi fundi sanifu akaingia akakuta chumba kinanuka na ile mota unaweza kukaangia yai.

Tangu siku hiyo sheria ni hii, usalama haukai kwa dalali, haukai kwenye tovuti, unakaa chini kabisa kwenye kidhibiti kidogo kama Arduino au ESP32 kinachoshika rilei. Seva ya meza inakipigia hodi kila nusu sekunde. Kisiposikia hodi kwa sekunde 2 kinakata umeme wa mota, bila kumuuliza mtu. Kivinjari cha mwanafunzi nacho kinampigia hodi dalali, ikipita sekunde 30 kimya zamu inachukuliwa anapewa anayefuata. Mipaka ya volti iandikwe hapohapo kwenye kidhibiti, mwanafunzi akituma volti 50 ikataliwe chini hata kama tovuti imeipitisha. Na fyuzi weka, programu haijawahi kuzuia moto.

Kama wanafunzi wanapakia msimbo wao wenyewe, mfano somo la FPGA (chipu ambayo mwanafunzi anaipanga sakiti zake mwenyewe), basi meza ikae kwenye mtandao wake peke yake na irudishwe upya kila zamu ikiisha. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 7: umeme ukikatika na ukirudi

Kukatika kunajulikana, UPS (betri ya akiba) inakupa dakika kadhaa za kumaliza jaribio na kuzima kistaarabu. Kurudi ndo kwenye mambo. Kompyuta nyingi za mezani umeme ukirudi zinakaa zimezima zinasubiri kidole, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa) tafuta ile sehemu ya kuamua ifanye nini umeme ukirudi, iambie iwake. Kwa Raspberry Pi inawaka yenyewe ila kadi ya SD ikikatiwa umeme inaandika inaharibika, yangu ilikufa wiki ya mtihani, kwahiyo weka diski ya SSD au ifanye mfumo usiandike kwenye kadi kabisa. Alafu saa! Pi 4 haina saa yenye betri, umeme ukirudi kabla ya intaneti inaamka ikidhani bado ni siku ya nyuma, vyeti vya usalama vinakataa, zamu zinachanganyika. Kisaa cha kuchomeka chenye betri ni bei ndogo. Pi 5 wao wana saa ndani ila betri unanunua mwenyewe.

Matokeo yaandikwe kwanza mezani alafu ndo yatumwe kwa dalali. Sio kinyume chake.

Hatua ya 8: upande wa mwanafunzi

Fupi tu. Ifunguke kwenye kivinjari cha simu bila kuinstol kitu. Maabara nyingi za zamani zilijengwa kwa Java ya kwenye kivinjari, Flash, na paneli za LabVIEW (programu ya kuendesha vifaa vya kupimia) zilizotaka plagini, Chrome ikaziondoa plagini za aina hiyo 2015, Flash ikazikwa mwisho wa 2020, na vifaa vikabaki vizima mezani hakuna wa kuvifikia. HTML, JavaScript na WebSocket (laini inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva), basi. Logini unganisha na Moodle ya chuo (mfumo wa masomo mtandaoni) kwa LTI, njia ya kuunga mfumo huo na tovuti nyingine, ili usianze kugawa paswedi mpya, utakuwa ofisi ya paswedi zilizosahaulika.

Hatua ya 9: iharibu mwenyewe kabla hawajaiharibu

Wiki moja kabla ya kufungua, chukua simu ya bei rahisi kuliko zote ofisini, weka bando, toka nje ya geti ufanye jaribio zima. Chomoa waya wa mtandao katikati ya jaribio. Chomoa umeme. Waite watu 30 wabonyeze kupima kwa pamoja, maana usiku wa mwisho wa kukusanya ndo itakavyokuwa. Jaza zamu uone mtu asipotokea inakuwaje. Sisi mwanzoni tuliruhusu watu wabuku zamu siku nzima kabla, nusu hawakutokea na meza ikakaa bure, tukahamia foleni ya papo hapo yenye kumpa mtu taarifa akibakiza wawili mbele yake.

Anza na meza moja na darasa moja, la pili lisubiri muhula mwingine. Na mkubaliane kwa maandishi ufunguo wa chumba cha maabara unakaa kwa nani usiku, kwasababu ya kwetu ilikwama saa 4 usiku kwa rilei moja iliyoganda, kila kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi, na mwenye ufunguo alikuwa msibani Singida.